Tiketi, chipsi na gari la kurudi: Hela ya siku ya mechi inaishia mkononi mwa nani?

Agosti 2, 2025, saa 2 usiku, Taifa Stars na Burkina Faso walifungua fainali za CHAN kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam. Stars walishinda 2-0 na watu wakatoka uwanjani inakaribia saa 4 usiku. Alasiri ya siku iliyofuata, Harambee Stars walikuwa Kasarani, Nairobi, wakicheza na DR Congo, nao wakashinda 1-0.

Kwenye mabango yalikuwa mashindano ya Kenya, Tanzania na Uganda kwa pamoja. Kwa shabiki yalikuwa matatu tofauti. Kati ya Mkapa na Kasarani kuna mpaka, sarafu mbili, mifumo miwili ya kukata tiketi na masharti mawili ya vitambulisho. Aliyenunua tiketi upande mmoja alianza upya upande wa pili, na mfanyabiashara aliyemfuata shabiki huyo na mzigo wake alianza upya zaidi yake.

Hayo yanatuhusu kwa sababu kubwa zaidi iko mlangoni. Tangu Septemba 27, 2023, CAF ilipozipa nchi hizi tatu uenyeji wa AFCON ya 2027, akina mama wa Namanga, vijana wa Busia na madereva wa Sirari wamekuwa wakilisikia neno “fursa” kila kiongozi anaposhika kipaza sauti. Siku ya mechi shabiki hutumia fedha kwa mambo matatu: kuingia, kula na kusafiri. Tazama kila moja linavyokwenda leo, utaona ni wapi mtu wa mpakani anapata na ni wapi anabaki mtazamaji.

Kiti kikipungua, sahani inapungua

Kasarani baada ya ukarabati inachukua watu 48,000. Agosti 10 Kenya ilipocheza na Morocco, mashabiki wasio na tiketi walivunja utaratibu wa ulinzi wakaingia. CAF ilikuja juu. Mechi iliyofuata, Agosti 17 dhidi ya Zambia, uwanja ukaruhusiwa watu 27,000 tu, wenye tiketi za kidijitali pekee.

Vyombo vya habari viliandika sana kuhusu aibu ile. Kuhusu hesabu ya muuza chakula havikuandika. Toa 27,000 kwenye 48,000, unabaki na watu 21,000 ambao hawakuruhusiwa kuingia. Aliyeagiza mayai, soseji na maji kwa kutazama idadi ya watu wa Agosti 10 alijikuta na mzigo wa watu ambao wako nyumbani mbele ya televisheni. Hakuna ofisi inayomtumia muuza smoki taarifa kwamba soko limekatwa karibu nusu. Husikia redioni kama wengine.

Tiketi za kidijitali zenyewe ni jambo jema, maana tiketi ya karatasi ilikuwa chakula cha walanguzi na waghushi. Tatizo ni kwamba kila nchi imejenga mlango wake kwa ajili ya watu wake. Tanzania imezoea N-Card, kadi unayoijaza fedha kwa simu na kuigusisha getini, hiyohiyo inayotumika kuvukia kivuko cha Kigamboni. Mkazi wa Temeke haoni shida yoyote. Mgeni aliyeshuka kwenye basi kutoka Mombasa akiwa na laini ya Kenya inabidi kwanza atafute kadi, kisha wakala wa kumjazia. Kenya nako malipo ya tiketi yamekaa kwa wenye laini za huko. Kutuma pesa kwa simu kati ya nchi hizi kumewezekana tangu 2015, Safaricom na Vodacom Tanzania walipounganisha M-Pesa zao, lakini kumtumia mtu pesa ni jambo moja, na kulipa kwenye namba ya biashara ya nchi nyingine ni jambo jingine.

Hapo ndipo mwenyeji anapoingia. Anamkatia mgeni tiketi kwa laini yake na kuongeza cha juu. Wengine huita huo ulanguzi. Mimi naona sehemu yake ni huduma ambayo mfumo umeshindwa kuitoa. Balaa ni pale tiketi inapokuwa picha ya msimbo kwenye simu. Picha moja inaweza kutumwa kwa watu watano, na anayefika getini kwanza ndiye anayeingia. Wanne waliobaki wana risiti ya pesa na hawana mtu wa kumdai. Mfanyabiashara anayewakusanya mashabiki wa kijiji chake na kuwakatia tiketi kwa mkupuo anabeba hatari hiyo kwa jina lake mwenyewe, na jina ndilo mtaji wa mtu wa mpakani.

Morocco, kwenye AFCON iliyochezwa Desemba 2025 hadi Januari 2026, ilimtaka kila shabiki ajisajili kwa programu moja iitwayo Yalla na kupata kitambulisho cha shabiki kabla ya kununua tiketi. Nchi moja, programu moja, ni rahisi. Sisi tuko watatu, na ratiba ya 2027 itamtaka shabiki wa timu moja avuke mpaka timu yake ikisonga mbele.

Yai la Uganda, chungwa la Muheza

Ukitaka kujua jumuiya inavyofanya kazi bila mkutano wa mawaziri, tembea nje ya uwanja saa tatu kabla ya mpira kuanza. Mkapa utakuta chipsi mayai, mishikaki, muhogo wa kuchoma wenye pilipili, kahawa na kashata. Kasarani ni smoki na kachumbari, mayai ya kuchemsha, mutura, njugu kwenye karatasi iliyosokotwa. Namboole ni rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai, na gonja juu ya makaa.

Kitunguu cha kachumbari ile ya Nairobi mara nyingi kimetoka Tanzania. Machungwa yanayomenywa pembeni mwa barabara yamepita Horohoro yakitoka Muheza, na mayai ya Uganda yanaingia Kenya kupitia Busia na Malaba mwaka mzima. Shabiki anakula Afrika Mashariki nzima kwa mlo mmoja bila kujua. Hii ndiyo sehemu ya siku ya mechi ambayo mfanyabiashara mdogo wa mpakani tayari anaimiliki, na anaimiliki akiwa mbali na uwanja: yeye ndiye anayemlisha anayelisha.

Ndani ya geti mambo hubadilika. Huko huuza mwenye mkataba, na mashindano ya CAF yana wadhamini wanaolinda majina yao ndani ya uwanja na kuuzunguka. Chupa na makopo hayapiti, chakula cha kutoka nje huachwa getini. Ndiyo maana shabiki mzoefu hula ashibe kabla ya kuingia, na ndiyo maana saa mbili za mwisho kabla ya mchezo zina thamani kuliko dakika 90 zenyewe kwa anayeuza nje.

Ila “nje” nako kuna sheria, na hapa nawaomba wasomaji wa upande wa Kenya na Uganda wasome taratibu. Julai 28, 2025, siku tano kabla ya CHAN kuanza, Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15. Uuzaji wa rejareja umo. Uwakala wa fedha kwa simu umo. Kununua mazao shambani umo, saluni na ufundi wa simu vimo. Asiye raia akipatikana na hatia, faini yake haipungui Sh10 milioni za Tanzania, au kifungo kisichozidi miezi sita, na viza na kibali chake kufutwa. Mtanzania anayemkingia kifua naye anakabiliwa na faini ya Sh5 milioni au kifungo cha miezi mitatu. Kwa lugha nyepesi, Mkenya anayewaza kuweka meza ya jezi Arusha mwaka 2027, au kumtumia shemeji yake Mtanzania awe mwenye meza kwa jina, anaiweka hatarini biashara yake na shemeji pia.

Amri ile ililaumiwa Nairobi kwamba inakwenda kinyume na Soko la Pamoja. Dar es Salaam walijibu kuwa wanalinda machinga wao. Kila upande una wapiga kura wake. Lakini kuuza mzigo kwa mwenyeji mwenye leseni, akauza yeye, bado ni biashara halali inayovuka kila siku, na kwa chakula ina njia nyepesi.

Njia hiyo ni Utaratibu Rahisi wa Biashara wa Jumuiya. Mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, uliozalishwa ndani ya nchi wanachama na uliomo kwenye orodha waliyokubaliana, hupewa cheti rahisi cha uasili palepale mpakani na kusamehewa ushuru wa forodha. Karanga, machungwa, vitunguu, viazi vya chipsi ni watu wa njia hii. Jezi nyingi si watu wake, hata kama umezinunua Kariakoo au Kamukunji, kwa sababu zimeshonwa China. Kuzinunua ndani ya Jumuiya hakuzifanyi kuwa za Jumuiya. Zikiwa na nembo ya klabu au ya timu ya taifa bila idhini, ushuru ndiyo shida ndogo. Wanaopambana na bidhaa bandia huzichukua zote.

Mechi nayo huhama

Machi 8, 2025 kila kitu kilikuwa tayari kwa Yanga na Simba. Watu walikwishafika Dar kutoka mikoani na nchi jirani, vyakula vimeshakatwa, jezi zimetandikwa. Mechi ikaahirishwa siku ileile. Ilikuja kuchezwa Juni 25, Yanga wakashinda 2-0. Kati ya tarehe hizo, nyama ya mishikaki haingoji.

Mei mwaka huohuo, Simba walikuwa wacheze fainali ya pili ya Kombe la Shirikisho na RS Berkane kwenye uwanja wa Mkapa. Hali ya nyasi ikawafanya CAF waipeleke Zanzibar, Uwanja wa Amaan, ambako nafasi ni chache na njia ni boti au ndege. Aliyekuwa amelipia vyumba vya wageni Temeke alibaki na funguo. Tangu hapo wazoefu wameanza kuagiza mzigo unaoweza kuuzwa hata mechi isipochezwa: karanga kavu badala ya nyama, fulana za rangi tupu badala ya zenye tarehe ya mchezo.

Gari la kurudi

Jiografia ya viwanja vyetu ina upendeleo wake. Namboole iko mashariki ya Kampala kwenye Barabara ya Jinja, hivyo anayetoka Busia au Malaba hufika uwanjani kabla hajauona mji. Anashuka, anatazama mpira, anageuza. Kasarani iko upande wa pili wa Nairobi kwa anayetoka Namanga. Lazima ukate jiji au uzunguke kwa Eastern Bypass hadi Ruiru, na siku za CHAN sehemu ya Barabara ya Thika ilifungiwa magari, watu wakamalizia kwa miguu. Kwa boda ilikuwa siku ya mavuno. Mkapa shida yake ni saa ya kutoka: daladala za mwisho zimejaa, bajaji zimepandisha bei, na mgeni hajui kituo.

Hati nazo ni nauli ya aina yake. Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanavuka kati ya nchi zao kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014. Tanzania haimo kwenye mpango huo. Huko ni pasi au hati ya muda ya kusafiria, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano huulizwa mara kwa mara. Mwenye gari binafsi akate kibali cha muda cha gari pamoja na bima ya COMESA, ile kadi ya njano. Mwenye basi la kukodi asije akajaza viti vitupu kwa abiria wa ndani njiani, maana leseni yake ya kuvuka mpaka haimruhusu.

Sasa tazama Arusha. Uwanja mpya wa watu 30,000 unajengwa huko kwa ajili ya AFCON, umbali wa kilomita kama 110 kutoka Namanga, barabara ya lami. Kwa mtu wa Kajiado au Kitengela, Arusha itakuwa safari ya kwenda na kurudi siku moja. Mpaka wa Namanga unafanya kazi saa 24, na maofisa wa nchi zote mbili wanakaa jengo moja. Mechi ya saa 2 usiku ikiisha saa 4, mabasi madogo yatafika mpakani kuanzia saa 6 usiku, yote kwa mkupuo, yamebeba watu ambao mara ya mwisho kula ilikuwa kabla ya geti. Kila mmoja atashuka kugonga muhuri. Foleni itakuwa ndefu, baridi ya usiku kali, na wauza chai wa Namanga hawahitaji idhini ya CAF kuwasha jiko.