Takrima Mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani

Portage ni mji mdogo wa jimbo la Indiana, kandokando ya Ziwa Michigan. Mwaka 2013 mji huo ulinunua malori matano ya kuzolea taka kutoka kampuni ya Great Lakes Peterbilt kwa takribani dola milioni 1.1. Mwaka uliofuata kampuni hiyo ilimwandikia meya wa mji, James Snyder, hundi ya dola 13,000. Meya alisema ni malipo ya kazi ya ushauri. Waendesha mashtaka wa serikali kuu walisema ni shukrani ya zabuni. Jopo la raia lililosikiliza kesi liliwaamini waendesha mashtaka, na meya akahukumiwa kifungo cha miezi 21.

Tarehe 26 Juni 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimpa meya ushindi kwa kura 6 dhidi ya 3. Majaji walio wengi walisema sheria iliyotumika kumshtaki inakataza hongo, lakini haikatazi asante. Hongo huafikiwa kabla ya kitendo, yaani nipe nikupe. Asante huja baada ya kitendo, bila mapatano ya awali. Jaji Brett Kavanaugh, aliyeandika hukumu hiyo, alihofia kwamba sheria ikisomwa kwa upana, mzazi anayempa mwalimu kikapu cha zawadi mwisho wa mwaka angejikuta anavunja sheria ya jinai. Akaongeza kwamba majimbo na miji yana uhuru wa kujiwekea kanuni zake kuhusu zawadi za namna hiyo.

Jaji Ketanji Brown Jackson, akiungwa mkono na wenzake wawili, alipinga vikali. Alionyesha kwamba sheria yenyewe inamtaja mtumishi anayepokea kitu kwa nia mbovu ili ashawishiwe au atuzwe. Neno “atuzwe” limeandikwa humo waziwazi. Na kutuzwa, kwa mtu yeyote anayejua maana ya maneno, ni jambo linalokuja baada ya kazi kufanyika.

Msomaji wa Kiswahili anaielewa kesi hii haraka kuliko wengi, kwa sababu lugha yetu imeliishi jambo hili hadi ikalipa majina ya kila rangi: hongo, mlungula, chai, kitu kidogo, bahasha, asante, takrima. Hilo la mwisho lilifika hata kwenye vitabu vya sheria. Mwaka 2000 Tanzania ilirekebisha Sheria ya Uchaguzi na kuruhusu takrima, yaani kitu anachotoa mgombea kwa nia njema kama ukarimu wa kimila. Mashirika matatu ya kiraia, kikiwemo Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, yalikwenda Mahakama Kuu, na Aprili 2006 mahakama hiyo ikavifuta vifungu hivyo kwa kuwa vinakwenda kinyume cha Katiba. Nitarudi kwenye hukumu hiyo, kwa sababu iliuliza swali ambalo Washington imelikwepa kwa karibu miaka hamsini.

Jinsi maana ya rushwa ilivyobanwa

Hukumu ya Snyder haikuanguka kutoka mbinguni. Baada ya kashfa ya Watergate, Bunge la Marekani, Kongresi, lilipitisha mwaka 1974 sheria iliyoweka ukomo wa fedha ambazo mtu anaweza kumchangia mgombea, na pia ukomo wa fedha ambazo mgombea anaweza kutumia. Mwaka 1976, katika kesi ya Buckley dhidi ya Valeo, Mahakama ya Juu iliigawa sheria hiyo vipande viwili. Ukomo wa michango ulibaki. Ukomo wa matumizi ulifutwa, kwa hoja kwamba kutumia fedha kueneza maoni ya kisiasa ni sehemu ya uhuru wa kusema. Mahakama ilisema sababu inayotosha kuuwekea uhuru huo mipaka ni kuzuia rushwa, au mwonekano wa rushwa.

Tangu siku hiyo kila kitu kimetegemea tafsiri ya neno hilo moja. Rushwa ikipewa maana pana, Bunge lina nafasi ya kudhibiti fedha. Ikibanwa, nafasi inakwisha. Na imebanwa.

Tarehe 21 Januari 2010, katika kesi ya Citizens United, majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba makampuni na vyama vya wafanyakazi vinaweza kutumia fedha bila kikomo kumpigia debe mgombea, mradi visishauriane naye. Walisema kwamba kumkaribia kiongozi na kusikilizwa naye si rushwa. Miezi miwili baadaye mahakama ya rufani ya Washington ikatoa hukumu ya SpeechNow, na kutokana nayo zikazaliwa kamati zinazoitwa Super PAC, ambazo hupokea michango ya kiasi chochote.

Matokeo yake yanaonekana kwenye hesabu. Katika uchaguzi wa 2024 mtu mmoja hakuruhusiwa kumpa mgombea wa ngazi ya taifa zaidi ya dola 3,300 kwa uchaguzi mmoja. Mwaka huohuo Elon Musk peke yake alitoa zaidi ya dola milioni 250, sehemu kubwa kupitia Super PAC, kumsaidia Donald Trump na wagombea wa chama cha Republican. Upande wa Democrat nao ulikuwa na Super PAC yake kubwa, Future Forward, iliyokusanya mamia ya mamilioni ya dola kumsaidia Kamala Harris. Mlango wa mbele umewekewa kufuli la dola 3,300, na ukuta wa nyuma umebomolewa. Vyama vyote viwili vinapita nyuma.

Baada ya Citizens United ikaja pia kesi ya Bob McDonnell, aliyekuwa gavana wa Virginia. Yeye na mkewe walipokea zawadi na mikopo yenye thamani ya zaidi ya dola 175,000 kutoka kwa mfanyabiashara mmoja aliyetaka vyuo vikuu vya umma vya jimbo vifanyie utafiti kidonge chake cha lishe. Ndani ya hesabu hiyo kulikuwa na saa ya Rolex, manunuzi ya nguo jijini New York, na dola 15,000 za chakula cha harusi ya binti yao. Gavana alimkutanisha mfanyabiashara huyo na maofisa, na hafla ya bidhaa yake ikafanyika katika makazi rasmi ya gavana. Alihukumiwa kifungo cha miaka miwili. Juni 2016 Mahakama ya Juu ilifuta hukumu hiyo bila jaji hata mmoja kupinga. Kupanga kikao, kupiga simu au kuandaa hafla, walisema, peke yake si kitendo rasmi. Jaji Mkuu John Roberts alikiri kwamba habari za zawadi hizo zinachukiza, lakini kwa maoni yake kinachochukiza si lazima kiwe jinai.

Ukiziweka hukumu hizi pamoja unapata picha moja. Ili mtu afungwe kwa rushwa chini ya sheria hizi, mwendesha mashtaka anatakiwa kuthibitisha mapatano, tena mapatano kuhusu kitendo rasmi, tena yaliyofanywa kabla ya kitendo. Anayepokea hundi baada ya zabuni anapita. Anayeuza kikao anapita.

Hii haina maana kwamba sheria imekufa. Siku ishirini tu baada ya hukumu ya Snyder, Seneta Bob Menendez wa New Jersey alitiwa hatiani kwa makosa 16. Wapelelezi wa FBI walipoipekua nyumba yake mwaka 2022 walikuta zaidi ya dola 480,000 taslimu, nyingine zikiwa kwenye bahasha ndani ya makoti yenye jina lake, pamoja na vipande vya dhahabu. Januari 2025 alihukumiwa kifungo cha miaka 11. Wapo waliosema kesi hiyo inathibitisha kwamba mfumo ni mzima. Mimi naona inathibitisha kwamba mfumo unamwona mwenye dhahabu kabatini. Anayejua kuzitumia njia halali hana haja ya kuficha chochote kabatini.

Sahani ya chakula na hundi ya kampeni

Njia halali ya kwanza ni ushawishi. Tuseme ukweli: kushawishi Bunge ni haki ya raia. Katiba ya Marekani, katika marekebisho yake ya kwanza ya mwaka 1791, inalinda haki ya watu kupeleka madai yao serikalini. Wauguzi wana washawishi wao Washington, wakulima wanao, vyuo vikuu vinao, hata watetezi wa mazingira wanao. Mshawishi mzuri humletea mbunge taarifa ambazo mbunge hana muda wa kuzitafuta. Sheria ya mwaka 1995 inawataka wajiandikishe na kutaja wateja wao na fedha wanazolipwa. Walioandikishwa ni zaidi ya 12,000, wakati maseneta na wawakilishi wote kwa pamoja ni 535. Fedha zinazotumika kwa kazi hiyo zimepita dola bilioni 4 kwa mwaka.

Lakini sheria hiyo ina tundu. Anayetumia chini ya asilimia 20 ya muda wake wa kazi kwa mteja kufanya ushawishi halazimiki kujiandikisha kwa ajili ya mteja huyo. Kwa hiyo mbunge mstaafu anaweza kuajiriwa kama “mshauri wa mikakati”, akapanga nani aonwe, lini, na kwa maneno gani, na jina lake lisionekane popote.

Angalia sasa jambo moja kwa karibu. Baada ya kashfa ya mshawishi Jack Abramoff, aliyekiri makosa Januari 2006, Kongresi ilikaza kanuni za zawadi mwaka 2007. Tangu hapo mshawishi haruhusiwi kumnunulia mbunge chakula cha mezani. Kwenye tafrija, vitafunio vya kula umesimama vinaruhusiwa: kipande cha nyama kwenye kijiti cha meno, hapana shida. Weka kiti, sahani na uma, na kanuni imevunjwa. Lakini mshawishi huyohuyo anaweza kuhudhuria kifungua kinywa cha kuchangia kampeni ya mbunge huyohuyo na kumkabidhi hundi ya maelfu ya dola, kwa sababu mchango wa kampeni hauhesabiwi kuwa zawadi. Sahani ya chakula imekatazwa isije ikamshawishi mbunge, na hundi inayombakiza kwenye kiti imeruhusiwa.

Wabunge wenyewe wanaijua aibu hii. Sheria inawakataza kuomba michango wakiwa ndani ya ofisi za serikali, hivyo huvuka barabara hadi ofisi za vyama vyao zilizo jirani na jengo la Bunge, wakakaa na simu na orodha ya matajiri, wakapiga simu saa baada ya saa. Mwakilishi hukaa madarakani miaka miwili tu kabla ya kurudi kwa wapiga kura, kwa hiyo simu hizo hazina msimu. Mkono mtupu haulambwi, walisema wahenga, na kwenye orodha ile hakuna mwenye mkono mtupu.

Msimamizi wa fedha za kampeni naye amefungwa mikono. Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho, FEC, ina nafasi sita za makamishna, na hawaruhusiwi zaidi ya watatu kutoka chama kimoja. Hatua yoyote kubwa inahitaji kura nne, kwa hiyo mara nyingi kura ziligawanyika tatu kwa tatu na shauri likafia hapo. Mei 2025 tume hiyo ilipoteza hata akidi ya kufanya maamuzi.

Swali sahihi

Wanaotetea hali hii wana hoja yenye uzito. Wanasema sheria ya jinai ikiwa pana mno, mwendesha mashtaka wa chama kimoja ataitumia kuwafunga viongozi wa chama kingine. Hofu hiyo ni ya kweli, na nchi nyingi zimeishuhudia. Lakini dawa yake ni kuandika sheria kwa uangalifu na kuweka viwango vinavyoeleweka. Marekani yenyewe inajua kufanya hivyo: karani wa kawaida wa serikali kuu haruhusiwi kupokea zawadi ya zaidi ya dola 20 kwa mara moja kutoka kwa mwenye shida na ofisi yake, wala ya zaidi ya dola 50 kwa mwaka kutoka kwake. Kama karani anaweza kuhesabiwa dola 20, meya wa malori anaweza kuulizwa kuhusu dola 13,000.

Tatizo kubwa liko kwenye swali linaloulizwa. Mahakama ya Juu ya Marekani huuliza: je, hawa wawili walipatana? Mahakama Kuu ya Tanzania, mwaka 2006, iliuliza jingine: je, mgombea asiye na kitu anasimama sawa na mwenye nacho? Ikajibu kwamba takrima inambagua maskini na kuharibu uchaguzi huru. Hukumu ile haikumaliza bahasha nchini Tanzania, na kila msimu wa kura za maoni ndani ya vyama unatukumbusha. Hata hivyo ililiweka jambo mahali pake, kwa sababu anayeumizwa na rushwa hayumo kwenye mapatano. Mkazi wa Portage aliyelipa kodi ya malori yale anapoteza kilekile, hundi iwe imeandikwa kabla ya zabuni au baada yake.

Kwa hiyo, msomaji, utakaposikia kiongozi wa nchi yoyote akijitetea kwamba hakuna sheria aliyovunja, usiishie hapo. Uliza sheria hiyo iliandikwa na nani, na kampeni za walioiandika ziligharimiwa na nani. Ukiambiwa ilikuwa asante tu, uliza kama kampuni iliyoshindwa zabuni nayo iliandika hundi. Mtumishi wa umma tayari amelipwa kwa kazi hiyo, na aliyemlipa ni wewe.