Tiketi Baadaye, Sindano Kwanza

Leo nazungumzia mbwa. Najua wako watakaocheka: nchi ina mambo mangapi, huyu bwana anatuletea habari za mbwa! Nivumilieni, kwani kisa hiki kilimgharimu dada yangu nauli ya pili ya ndege.

Dada aliishi Lushoto, na mbwa wake Bobi ndiye aliyefukuza ngedere shambani. Mumewe alipopata kazi Ujerumani, dada alisema Bobi hamwachi. Akakata tiketi ya baada ya wiki sita. Cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa alikuwa nacho, akaamini kazi imekwisha. Kumbe ilikuwa haijaanza.

Tanzania haimo katika orodha ya nchi ambazo mbwa wake huingia Umoja wa Ulaya bila kupimwa damu. Utaratibu ni huu. Kwanza, mbwa adungwe chini ya ngozi chipu yenye namba yake, ndogo kama punje ya mchele. Pili, achanjwe. Chanjo iliyotangulia chipu haihesabiwi, maana cheti hakiwezi kuthibitisha ni mbwa yupi aliyechanjwa. Hapo ndipo Bobi alipokwama, ikabidi achanjwe upya. Tatu, zipite siku 30, ndipo atolewe damu, ipelekwe kwenye maabara inayotambuliwa na Umoja huo, ionekane kama chanjo imeshika. Nne, tangu siku ya kutolewa damu, asubiri miezi 3. Mwisho ni cheti cha afya chenye mhuri wa daktari wa mifugo wa Serikali, nacho ni lazima mbwa afike nacho ndani ya siku 10. Jumlisha mwenyewe: miezi 4 na ushei.

Tusikimbilie kusema tunaonewa. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu kila mara mwisho wake ni kifo, kwa mtu na kwa mnyama. Na mbwa aliyeambukizwa aweza kukaa wiki nyingi, hata miezi, akionekana mzima. Ile miezi 3 ni ya kumngoja mgonjwa aliyejificha ajitokeze.

Dada akaondoka, Bobi akabaki kwangu, kila jioni akilala mlangoni akitazama njia. Kumtuma baadaye na msafiri mwingine hakukufaa, kwani safari ya mbwa wa nyumbani na ya mwenyewe zisipishane zaidi ya siku 5. Zikipishana, huhesabiwa kama mzigo wa biashara. Basi dada akarudi kumchukua.

Mwenye kutazamia safari na aanzie kwa bwana mifugo, si kwa wakala wa tiketi. Na asiye na safari yoyote? Naye amchanje mbwa wake. Wazungu wanamwogopa akiwa mbali. Wanaocheza naye uani ni watoto wetu.

Hadi juma lijalo, kwaherini.