Manly: Ufuo ni wa wote, nyumba ni za wenye nazo

SAA moja asubuhi, Jumamosi. Jua limeshachomoza juu ya Bahari ya Pasifiki na ufuo tayari una watu. Kundi la waogeleaji waliovalia kofia za rangi ya waridi linaingia majini kuelekea Shelly Beach. Wakirudi watakuwa wamekata kilomita moja unusu. Mabarobaro wamekumbatia mbao za kutelezea mawimbini. Wengine wako pekupeku kwenye foleni ya kahawa, nywele zikidondoka maji ya chumvi.

Saa chache baadaye, barabara chache kutoka hapo, kuna kundi lingine limesimama nje ya nyumba. Hawa hawana haraka ya kuogelea. Mikononi wana kadi zenye nambari, na mbele yao dalali anapaza sauti kama mhubiri wa sokoni. Moja… mbili… ya mwisho… imeuzwa!

Karibu Manly, mtaa wa kishua ulio kaskazini mashariki mwa Sydney, Australia.

Treni haifiki Manly. Wengi wanaokwenda katikati ya jiji hupanda feri hadi Circular Quay, safari ya takriban dakika 30 inayopita karibu na jumba maarufu la Opera House. Mawimbi yakichafuka kwenye lango la bandari, chombo huyumba hadi abiria wakashikilia viti. Lakini muulize mkazi yeyote kama angebadilisha feri hiyo na matatu ya mjini, atakucheka.

Jina la mtaa lilitokana na Kapteni Arthur Phillip, aliyeongoza meli za kwanza za Waingereza mwaka 1788. Alivutiwa na ujasiri wa wenyeji aliowakuta hapo, akapaita mahali hapo kwa neno la Kiingereza lenye maana ya kiume. Wenyeji hao walibaki na sifa. Ardhi ikachukuliwa na wengine.

Hata kuogelea kwenyewe kulipiganiwa. Wakati mmoja ilikuwa marufuku kuoga baharini mchana. Mwaka 1902, mhariri wa gazeti la mtaani, William Gocher, alitangaza hadharani kwamba angeingia majini mchana kweupe, akafanya hivyo. Mwaka uliofuata baraza la mtaa likaregeza kamba. Mwaka 1964, mashindano ya dunia ya kuteleza mawimbini yakafanyika papo hapo, na Midget Farrelly, kijana wa Sydney, akatwaa taji la wanaume.

Leo raha hiyo ya bahari ndiyo inayouza nyumba. Dirisha likitazama maji, bei inaruka. Nyumba ya kawaida yenye ua huuzwa kwa mamilioni ya dola. Ili upate picha: tangu Julai 2023, jimbo la New South Wales limemsamehe ushuru wa stempu anayenunua nyumba yake ya kwanza isiyozidi dola 800,000. Ukikadiria dola moja ya Australia kuwa Sh85, hizo ni Sh68 milioni. Kwa Manly, kijana anayetafuta nyumba ya familia kwa bei hiyo anatafuta sindano mchangani.

Mnada nao hauna mchezo. Unajisajili, unapewa nambari. Mwenye nyumba ana bei yake ya chini ambayo huambiwi. Nyundo ikigonga kwako, unatia saini siku hiyo hiyo na kulipa arubuni, kwa kawaida asilimia 10. Anayenunua nje ya mnada hupewa siku tano za kazi za kujifikiria upya, ila wa mnada hana hata moja. Ndiyo maana wajanja humleta mkaguzi wa majengo na wakili kabla ya Jumamosi.

Kwa nini bei zimepaa hivi? Kwanza, ardhi ni chache: upande huu bahari, upande ule bandari. Pili, wengi wenye nyumba hawataki maghorofa mapya yawazibie upepo na mandhari. Tatu, kuanzia 1999, mwekezaji aliyeuza nyumba aliyoimiliki zaidi ya mwaka mmoja alitozwa ushuru kwa nusu tu ya faida. Kijana anayetafuta pa kulala akajikuta mnadani akishindana na mtu anayetafuta nyumba ya tatu.

Sasa wewe unayesoma haya Eldoret au Mombasa ukiwa na barua ya chuo cha Sydney mfukoni, hesabu zako ni hizi. Mwanafunzi wa kigeni anaruhusiwa kufanya kazi saa 48 kwa wiki mbili masomo yakiendelea. Kima cha chini cha mshahara kuanzia Julai 2025 kilikuwa dola 24.95 kwa saa. Hiyo ni kama dola 600 kwa wiki kabla ya ushuru, takriban Sh50,000. Unasikia utamu? Subiri kwanza. Kule kodi ya nyumba huhesabiwa kwa wiki, na keja ya chumba kimoja Manly inaweza kumeza hela hizo zote na bado ikadai nyingine.

Ndiyo sababu wengi hugawana nyumba, watu wanne au watano jiko moja. Na ndiyo sababu anayekuwekea povu kwenye kahawa alfajiri huenda ametoka mbali sana, akiwa ameamka kukiwa bado giza. Mtaa unamhitaji mhudumu, muuguzi na mwalimu, lakini hauna kitanda cha kuwalaza kwa mshahara wao.

Kuna mazuri ya kuiga, hata hivyo. Dipositi ya mpangaji haizidi kodi ya wiki nne na hutunzwa na idara ya serikali, si landilodi. Kodi haiwezi kupandishwa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Tangu Mei 2025, landilodi hawezi kukufurusha bila sababu inayotambuliwa na sheria. Mpangaji wa Pipeline au Roysambu aliyewahi kuzungushwa miezi kadhaa akidai dipositi yake anajua uzito wa hayo.

Kuhusu kununua, sahau kwa sasa. Kuanzia Aprili 1, 2025 hadi Machi 31, 2027, wageni, wakiwemo walio na viza za muda, wamepigwa marufuku kununua nyumba zilizokwisha kukaliwa, isipokuwa kwa vighairi vichache.

Cha ajabu, Australia ilitugusa kwa ardhi zamani. Mfumo wa hatimiliki wa Torrens, unaofanya sajili ya serikali kuwa ndiyo ushahidi wa umiliki, ulianzia South Australia mwaka 1858. Wakoloni waliuleta Kenya kupitia Sheria ya Usajili wa Hatimiliki, iliyodumu hadi 2012.

Kwa hivyo ukifika Sydney, panda feri Jumapili moja. Ogelea kati ya bendera nyekundu na njano, kwa kuwa hapo ndipo waokoaji wanapokutazama. Mchanga haulipishwi. Jioni ikifika, rudi na feri kwenye keja unayoimudu, na usitie saini mkataba wowote kwa sababu tu dirisha lilikuonyesha bahari.