Kuchagua kozi ya afya (3): Ukunga au fiziotherapia?

Kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, wazazi huuliza: binti asome ukunga au fiziotherapia? Sifa za kujiunga na ada nilishazieleza katika makala zilizopita, sitazirudia. Leo nataka wasomaji wamfahamu mwanamke aliyezibeba kazi zote mbili.

Rosalind Paget alizaliwa Uingereza mwaka 1855 katika ukoo wenye uwezo. Mjomba wake, William Rathbone, ndiye aliyeanzisha uuguzi wa nyumba kwa nyumba kule Liverpool. Paget angeweza kukaa nyumbani na kuhudumiwa. Badala yake alisomea uuguzi, akachukua cheti cha ukunga, kisha akajifunza kukanda viungo. Enzi hizo Uingereza haikuwa na sheria ya wakunga. Yeyote aliyejiita mkunga alikuwa mkunga. Yeye na wenzake wa chama cha wakunga cha Midwives' Institute walipigania sheria kwa miaka mingi, baadhi ya madaktari wakiwapinga waziwazi, hadi ikapita mwaka 1902. Paget akaingia katika Bodi Kuu ya Wakunga.

Kabla ya hapo, mwaka 1894, jarida la British Medical Journal lilionya kwamba baadhi ya nyumba za kukanda jijini London zilikuwa madanguro. Wakandaji waaminifu wakapakwa matope pamoja na wahalifu. Paget na wauguzi wenzake, Lucy Robinson, Elizabeth Manley na Margaret Palmer, wakaunda chama chenye kanuni kali: hakuna kumkanda mgonjwa bila maelekezo ya daktari, wala kuuza dawa kwa unayemhudumia. Mwaka uliofuata wakaanza kutoa mitihani. Chama hicho ndicho kilichokuja kuitwa Chartered Society of Physiotherapy mwaka 1944. Wanawake wanne walisafisha jina la kazi yao kwa nidhamu, si kwa kelele.

Ndiyo maana nasikitika kijana anapochagua fiziotherapia kwa kuwa tu ni njia ya kukaa benchi la timu ya mpira, au mzazi anapomkataza binti yake ukunga eti ni kazi ya kukesha na kulaumiwa. Wahenga walishatuonya tusiwatukane wakunga na uzazi ungalipo.

Ili kuona kazi hizi mbili zinavyosaidiana, tuingie leba. Kichwa cha mtoto kimetoka, bega limekwama nyuma ya mfupa wa kinena. Mkunga ana dakika chache tu. Anaita msaada, mapaja ya mama yanakunjwa hadi tumboni, mwenzake anakandamiza juu ya kinena. Mtoto anatoka na kulia, lakini akishtuka mkono mmoja hauinuki: neva za shingoni zimevutika. Mkunga makini huliona hilo siku hiyohiyo na kuliandika. Mtoto hufikishwa mapema kwa mtaalamu wa fiziotherapia, naye humfundisha mama kunyoosha bega na kiwiko taratibu ili viungo visikakamae. Watoto wengi wa namna hiyo hupona.

Mkunga huhesabu dakika, mtaalamu wa fiziotherapia miezi. Mtoto mwenye nyayo za kupinda hufungwa hogo jipya kila wiki, kisha huvaa viatu vyenye chuma katikati hadi afikishe takriban miaka minne. Asiye na subira hiyo asijaze fomu ya fiziotherapia. Anayepoteza utulivu saa tisa usiku damu inapomwagika asijaze ya ukunga.

Nami nina ombi la siku nyingi: kila wodi ya wazazi iwe na mtaalamu wa fiziotherapia. Mama anayevujwa na mkojo baada ya kujifungua anaweza kusaidiwa kwa mazoezi ya misuli ya nyonga, lakini wengi hunyamaza wakidhani ndio uzazi wenyewe. Kumwacha mama na aibu hiyo ni dhambi yetu sote.

Kwa walio mbioni kuomba vyuo: hapa Tanzania diploma ya ukunga huenda pamoja na uuguzi, hivyo utapangiwa wodi nyingine pia. Fiziotherapia ina vyuo vichache. Wengi wa wataalamu wetu wamesomea hospitali ya KCMC, Moshi. Nafasi nyingi za kazi ya fiziotherapia ziko hospitali kubwa, wakati mkunga anahitajika hata kwenye zahanati. Binti anayetaka kufanya kazi kijijini kwao, mimi ningemwambia asome ukunga.