Maji ya Kidimbwi cha Koi Baada ya Tiba

Aghalabu mfugaji wa koi, samaki wa mapambo waliostawishwa katika mkoa wa Niigata nchini Japani, hushusha pumzi pindi vidonda vya samaki wake vinapoanza kukauka. Hapo ndipo hatari ya pili huanza. Dawa haibagui: pamanganeti ya potasiamu, fomalini na baadhi ya antibiotiki huweza kuwaangamiza pia bakteria wa manufaa waishio ndani ya chujio. Bakteria hao ndio wageuzao amonia, itokayo hasa katika matamvua ya samaki, kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo na madhara makubwa. Wakifa, samaki aliyeponea ugonjwa huuawa na uchafu wake mwenyewe.

Kwa hivyo maji hayana budi kupimwa kila siku, na chakula kipunguzwe au kisitishwe. Amonia ikizidi, sehemu ya maji ibadilishwe. Maji ya mfereji yaondolewe klorini kwanza, la sivyo itaunguza matamvua na kuwamaliza bakteria waliosalia. Nitriti nayo huifanya damu ishindwe kubeba oksijeni. Chumvi, kilo 1 kwa lita 1,000, huizuia kupenya matamvuani. Ila anayetumia mawe ya zeolaiti kunasa amonia asitie chumvi, kwani huyafanya mawe hayo yaiachilie tena; kosa hili huwanasa hata wazoefu. Chujio lililokufa huweza kuchukua wiki 4 hadi 6 kukomaa upya, na zaidi maji yakiwa baridi. Muda wote huo pampu ya hewa isizimwe.