Kampusi iliomba programu moja, zingine zikaanza kuanguka

Saa tano ya usiku hapa Kolwezi, telefone ya yaya wangu ikalia. Ni mutoto wake, ule mwenye kusomea kazi ya migodi ku Marekani.

— Papa, ordinatere imekufa.

— Imekufa namna gani? Haijamaliza hata miezi mbili!

— Inawaka. Lakini kila programu minafungula inajifunga yenyewe. Ya kuchora plani, ya kuandika, zote. Na TP minapaswa kuitoa Jumatatu.

Yaya anatembezaka kamyo za mugodi, zile za magurudumu yenye kupita urefu wa mutu. Hesabu yake ilikuwa ya haraka: mushahara wa mwezi, kuomba likelemba impatie zamu ya mbele, kununua ordinatere ingine. Nikamuambia, “Yaya, ngoja kwanza. Unipatie telefone.” Miye si fundi mukubwa, lakini swali moja najuaka kuuliza: ilianza siku gani?

Mutoto akanyamaza kidogo. Kisha: “Baba mudogo, ilianza siku nilitoka ku homu ya zamani, nikaingia mu ya kampusi. Hapo wanatulazimisha kuingiza programu yao mbele ya kupata intaneti.”

Wazazi wengi hapa kwetu hawajue hii programu ni nini. Tuseme hivi. Ukifika ku mulango wa mugodi, mulinzi anaangalia badji, kasike, viatu vya chuma. Ku mingine unapuliza na alkotesti. Kitu kimoja kikikosekana, unabakia inje. Programu ya kampusi ni ule mulinzi. Inaangalia kama Windows iko mupya, kama antivirusi iko na inatumika. Kama hapana, hakuna intaneti. Iniversite zingine zinaongeza antivirusi yao wenyewe juu yake.

Hawakufanya vile juu ya kutesa watoto. Tarehe 11 Mwezi wa 8, 2003, virusi yenye kuitwa Blaster ilianza kupita mu ordinatere za Windows, yenyewe, bila mutu kufungula kitu. Ordinatere ilikuwa inajizima na kuwaka tena, kila mara. Microsoft ilikuwa imetoa dawa tangu tarehe 16 Mwezi wa 7, lakini watu wengi hawakuiweka. Siku saba kisha Blaster, Welchia ikafuata. Ni wakati ule ule wanafunzi wa Marekani walikuwa wanarudia ku masomo, kila mutu na ordinatere yake yenye ugonjwa mu mukono. Iniversite nyingi zikasema: bila kupimwa, hauingie. Mu mwaka wa 2004, Cisco ikanunua Perfigo, kampuni yenye ilikuwa inauzisha programu ya kupima vile, na wanafunzi wengi wakaijua kwa jina la Clean Access. Leo ziko zingine nyingi.

Tatizo ni kama mulinzi mupya anakuta mulinzi wa zamani bado amesimama ku mulango ule ule.

Nikamuomba mutoto aandike “fiabilité” mu kisanduku cha kutafuta cha Windows (ordinatere yake inasema Kifaransa, ilinunuliwa Lubumbashi). Inatokea “Afficher l'historique de fiabilité”. Ni kalendari: kila siku yenye programu ilianguka inatiwa musalaba mwekundu. Ukibonyeza musalaba, unaona jina la programu yenye ilianguka, na mara nyingi jina la kipande chenye kiliiangusha. Kile kipande njo cha maana. Watu wanaangaliaka maiti, hawaangalie kisu.

Misalaba yote ilianza siku moja, ile ya kuingia mu kampusi. Mbele yake, hata moja. Basi ordinatere haikuwa imekufa. Kulikuwa kitu kilibadilika.

Programu ya kuandika ilikuwa inaangushwa na kipande cha antivirusi ya zamani, ile muuzishaji aliweka ya kujaribu siku 30. Siku zilikwisha kitambo, lakini mabaki yake yalikuwa bado mu mashini, na antivirusi ya kampusi ilikuja juu yake. Antivirusi mbili zenye kuchunga faili zile zile zinavutana, na programu ya katikati inapasuka. Kuitosha ku “Paramètres” haitoshi kila mara. Kampuni nyingi za antivirusi zinatoa bure programu ndogo ya kusafisha mabaki yao. Mutoto akaweka kwanza kazi zake ku kle ya USB, akapitisha ile ya kusafisha, akazima, akawasha. Programu ya kuandika ikafunguka na kubakia.

Ya kuchora, hapana. Ilikuwa inaanguka kila mara bila hata kufungula ukurasa. Nikamuambia aangalie karantini ya antivirusi ya kampusi, kule inafungiaka vitu vyenye inashuku. Akaenda. Akanyamaza tena, murefu sasa.

— Baba mudogo... kuko faili moja ya ile programu. Wameandika ni “crack”.

Njo hapo nilielewa juu ya nini alikuwa anaogopa kupeleka ordinatere ku biro ya kampusi yenye kusaidia wanafunzi, hata kama ni bure. Papa yake alilipa ordinatere na “programu zote ndani” kwa muuzishaji mu mujini. Alilipa franga ya kweli. Hakujua kama zilikuwa za kuiba. Mutoto alijua, ao alishuku, na alisikia haya kumuambia muzee.

Wengine watakushauria utoshe ile faili mu karantini. Miye nakatala. Crack inaweza kubeba virusi ndani, na ku kampusi inaweza kukuletea maneno na wakubwa. Na haina hata faida: Autodesk, wenye AutoCAD, wanapatiaka wanafunzi programu zao bure, mwaka kwa mwaka, kama unaonyesha kama unasoma. Iniversite nyingi zinapatia wanafunzi Office pia. Akatosha ya crack, akaomba ya wanafunzi, akaingiza. Siku ya Posho mangaribi alikuwa anachora.

Kama ni programu za intaneti tu njo zinaanguka, hapo inaweza kuwa ni njia ya intaneti mu Windows njo imeharibika. Fungula dirisha la kuandika amri kama administratere, andika netsh winsock reset, kisha uzime na kuwasha. Lakini kisha hapo programu ya kampusi inaweza kuomba kuingizwa tena. Kuitosha kabisa, sahau: watakukata.

Na usiamini kama mulinzi hawezi kuanguka yeye mwenyewe. Tarehe 21 Mwezi wa 4, 2010, McAfee ilikosea, ikaona faili ya Windows XP yenyewe kuwa virusi, mashini zikagoma, hata za iniversite. Tarehe 19 Mwezi wa 7, 2024, kosa la CrowdStrike liliangusha ordinatere karibu milioni 8 na nusu, kwa hesabu ya Microsoft. Siku kama hiyo, mwanafunzi hana kitu cha kutengeneza. Aulize majirani kwanza kama nao wameanguka.

TP ilienda Jumatatu. Yaya hakugusa likelemba. Jambo la crack, mutoto alimuambia yeye mwenyewe. Muzee alikasirika, lakini na muuzishaji.

Sasa mutoto wake wa pili anaingia UNILU. Ordinatere yake iko juu ya meza yangu tangu jana, na “programu zote ndani”. Niko natosha moja-moja.