Je, Wajua? Uzi Mmoja Ukikatika, Gitaa Zima Linarukwa na Akili

Sogea hapa, wewe unayekwenda kupiga shoo Kibera na gitaa moja tu mgongoni. Je, wajua uzi wa kwanza wa gitaa la umeme, ule mwembamba kabisa, huwa na unene wa robo milimita hivi? Uchape bila kuubonyeza: unatikisika mara 330 kwa sekunde! Halafu ukikatika unashangaa.

Na gitaa la boksi la nyuzi za chuma je? Nyuzi zake sita kwa pamoja huvuta shingo kwa nguvu ya kilo 70 hivi. Mfuko wa simenti ni kilo 50, ndugu yangu.

Sasa shika hii. Yapo magitaa ya umeme ambayo daraja lake huelea, likishikiliwa na springi kwa nyuma. Uzi mmoja ukikatika, springi zinalivuta daraja, na nyuzi tano zilizobaki zinapanda sauti zote. Zote! Utatyuni saa ngapi, umati unakutazama? Gitaa la spea unalichomeka kwa sekunde chache, na mpiga besi hata hajageuka.

Tena kwenye benga mpiga solo hana pa kujificha. Waimbaji hunyamaza, gitaa likabaki linakimbia peke yake likiiga nyatiti. Wajua nyatiti ina nyuzi ngapi? 8! Gitaa lina 6 na bado linajitutumua.

Wapigaji wa Kongo nao wana vituko vyao. Kuna mtindo wa kuung'oa uzi mnene wa nne na kuweka mwembamba unaolia oktava moja juu; wanauita mi-composé. Gitaa la hivyo huligeuzi katikati ya wimbo, mwanangu. Unabeba la pili.

Septemba 1964, kwenye baa moja ya London, kichwa cha gitaa la Pete Townshend wa The Who kiligonga dari fupi kikavunjika. Akalimalizia kulivunja kwa hasira, akachukua lake la nyuzi 12, shoo ikaendelea! Wewe unayepiga chini ya mabati ya Kibera, umeniskia?

Mpiga gitaa wa Kenya, George Mukabi, yeye alikuwa na nini pembeni? Chupa ya Fanta! Ilichapwa kwa chuma kwenye mistari yake, ikawa ngoma ya mtindo wa omutibo. Chupa haikatiki uzi.

Wajua pia gitaa la boksi la kuchomeka mara nyingi hula betri ya volti 9? Betri ikifa katikati ya sifa kanisani, nyuzi zote sita ni nzima na spika imenyamaza kimya.

Basi panda matatu ya Kibera na magitaa yako mawili. Matatu ni ya abiria 14, na konda atakutazama, ayatazame magitaa, kisha adai nauli ya viti viwili. Lipa.